Malkia Masako wa Japani na Maradhi Yaliyotokana na Mzigo wa Kasri

Waswahili husema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa watu wengi, kuolewa katika ukoo wa kifalme ni kilele cha bahati. Mtu hupata makazi ya fahari, watumishi, heshima ya taifa zima na maisha yasiyojua dhiki ya fedha. Hata hivyo, afya ya akili haipimwi kwa uzuri wa mlango. Maisha ya Malkia Masako wa Japani yanaonyesha kwa uwazi usio wa kawaida jinsi mazingira ya mtu yanavyoweza kumuugua mtu mwenye akili kali, elimu ya juu na ndoa yenye upendo, na jinsi mgonjwa huyohuyo anavyoweza kurudi polepole katika wajibu wake.

Tarehe 30 Julai 2004, idara inayosimamia shughuli za kasri nchini Japani ilitangaza kwamba Masako, aliyekuwa wakati huo mke wa mrithi wa kiti cha enzi, alikuwa akitibiwa maradhi ya akili ambayo wataalamu huyaeleza kuwa ni kushindwa kuhimili mabadiliko. Alikuwa na umri wa miaka 40. Alikuwa amejiondoa katika shughuli za hadharani tangu Desemba 2003. Kwa ukoo ambao kwa karne nyingi ulizoea kuficha habari za miili ya watu wake, kutaja kwa jina maradhi ya akili lilikuwa jambo zito.

Kutoka wizarani hadi kasrini

Masako Owada alizaliwa mjini Tokyo tarehe 9 Desemba 1963. Baba yake, Hisashi Owada, alikuwa mwanadiplomasia ambaye baadaye alikuwa jaji na kisha rais wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Kwa sababu ya kazi ya baba, binti huyo alikulia kwa zamu katika nchi tofauti. Aliishi Moscow na New York akiwa mdogo, akarejea Japani, kisha akamalizia masomo ya sekondari nchini Marekani. Mwaka 1985 alihitimu shahada ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Tokyo, akafaulu mtihani mgumu wa kuingia katika utumishi wa kidiplomasia, na mwaka 1987 akaanza kazi katika Wizara ya Mambo ya Nje. Baadaye wizara ilimpeleka Chuo cha Balliol, Oxford, kwa masomo zaidi.

Wakati huo wanawake katika ngazi hiyo ya utumishi walikuwa wachache sana. Masako alishughulikia masuala ya biashara kati ya Japani na Marekani katika kipindi ambacho nchi hizo mbili zilikuwa na mvutano mkubwa wa kiuchumi. Alikuwa na kazi aliyoichagua, aliyoiweza na iliyomtambulisha.

Mwanamfalme Naruhito alikutana naye mwaka 1986 katika hafla ya chai iliyoandaliwa kwa heshima ya binti wa Mfalme wa Hispania. Alivutiwa naye, lakini safari ya kuelekea ndoa ilichukua miaka 6, na inafahamika kwamba Masako hakukubali mara ya kwanza alipoombwa. Kukubali kulikuwa na gharama iliyojulikana mapema: kuacha kazi moja kwa moja. Naruhito alimwahidi kwamba angemlinda kwa uwezo wake wote. Walifunga ndoa tarehe 9 Juni 1993, na wananchi wengi walitumaini kwamba bibi harusi huyo msomi angelifungulia kasri madirisha mapya.

Hakuwa wa kwanza kuingia humo kutoka nje ya tabaka la watawala. Mama mkwe wake, Michiko, aliyeolewa mwaka 1959, alikuwa binti wa mfanyabiashara na alikabiliwa na ukosoaji mkali tangu mwanzo. Oktoba 1993, miezi michache tu baada ya harusi ya Masako, Michiko alianguka ghafla siku ya kuzaliwa kwake baada ya wimbi la makala za kumshutumu, na kwa miezi kadhaa hakuweza kutoa sauti. Hali hiyo ilihusishwa na huzuni kubwa. Hivyo basi, katika nyumba moja, wake wawili wa vizazi viwili walipitia maumivu ya nafsi yaliyojitokeza katika mwili.

Sheria inayodai mtoto wa kiume

Katika ndoa za kawaida, lini mtoto atazaliwa na atakuwa wa jinsia gani ni habari ya watu wawili. Katika ndoa hii lilikuwa suala la katiba na siasa. Sheria ya ukoo wa kifalme ya mwaka 1947 inaruhusu wanaume pekee, waliotokana na ukoo huo kwa upande wa baba, kurithi kiti cha enzi. Mwanamke aliyezaliwa ndani ya ukoo hupoteza nafasi yake akiolewa na raia wa kawaida. Baada ya Mwanamfalme Akishino, mdogo wake Naruhito, kuzaliwa mwaka 1965, watoto wote 9 waliofuata katika ukoo huo walikuwa wasichana. Kwa hiyo macho yote yalielekea kwa Masako.

Desemba 1999, baada ya miaka 6 ya ndoa, vyombo vya habari vilitangaza kwamba alikuwa mjamzito kabla jambo hilo halijathibitishwa rasmi na madaktari. Mwezi huohuo mimba ikaharibika. Tarehe 1 Desemba 2001 alijifungua salama binti, Aiko. Furaha ilikuwa kubwa, lakini swali la mrithi halikunyamaza. Maofisa wa kasri hawakuficha hamu yao ya kuona mtoto wa pili.

Hapa elimu ya tiba ina la kusema, kwa kuwa lawama ya namna hii huwaangukia wanawake katika makasri na katika vibanda vilevile. Jinsia ya mtoto huamuliwa wakati mbegu ya mwanamume inapoungana na yai. Katika hali ya kawaida, yai la mwanamke hubeba kromosomu ya X. Mbegu ya mwanamume hubeba ama X ama Y. Ikifika yenye X huwa msichana, ikifika yenye Y huwa mvulana. Hakuna chakula, sala ya lawama wala juhudi ya mama inayobadilisha hesabu hiyo. Ikichukuliwa kwamba nafasi ya kila jinsia ni sawa katika kila uzazi, uwezekano wa kupata wasichana 9 mfululizo ni 1 kati ya 512. Ni tukio la nadra, lakini ni la bahati nasibu, na bahati nasibu haina mkosaji.

Kuharibika kwa mimba nako hueleweka vibaya. Kati ya mimba ambazo zimekwisha kutambuliwa, takriban 10 hadi 15 katika kila 100 huharibika, nyingi zikiwa katika miezi 3 ya mwanzo. Sababu ya kawaida kabisa ni kasoro ya kromosomu katika kiinitete chenyewe, si kazi aliyofanya mama, hasira aliyokuwa nayo wala maneno ya jirani. Kuhusu kuchelewa kupata mtoto, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mzima 1 kati ya 6 hukutana na tatizo la ugumba katika maisha yake. Tatizo hilo linaweza kuwa la mwanamke, la mwanamume au la wote wawili, na ndiyo maana uchunguzi sahihi huwahusisha wote wawili tangu mwanzo.

Mwili ulipokataa

Kulikuwa na mzigo wa pili, usiosemwa sana. Masako alikuwa ameandaliwa na maisha yake yote kwa ajili ya kazi ya kimataifa. Wengi walidhani kwamba angeiendeleza kwa namna nyingine akiwa mke wa mrithi. Badala yake, safari rasmi za nje zilikuwa chache sana kwa miaka mingi. Mwishoni mwa mwaka 2002, kabla ya ziara ya New Zealand na Australia, alieleza kwa maneno ya upole kwamba ilimbidi ajitahidi sana kuizoea hali ya kutosafiri nje.

Desemba 2003 aliugua mkanda wa jeshi. Ugonjwa huu hutokana na kirusi kilekile cha tetekuwanga. Mtu akipona tetekuwanga, kirusi hakiondoki mwilini, bali hujificha katika mizizi ya neva kwa miaka mingi. Kinga ya mwili ikilegea, kwa sababu ya umri, maradhi mengine, baadhi ya dawa au uchovu wa muda mrefu, huweza kuamka na kuleta malengelenge yenye maumivu makali katika upande mmoja wa mwili. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mkanda wa jeshi huzusha minong'ono kuhusu virusi vya UKIMWI. Ni kweli kwamba mgonjwa hushauriwa kupima, lakini si kweli kwamba kila mwenye mkanda wa jeshi ana maambukizi hayo.

Masako alisimamisha shughuli zake, akapumzika, na majira ya kuchipua ya mwaka 2004 alikaa kwa muda katika nyumba ya wazazi wake huko Karuizawa. Uchovu haukuisha. Mei 2004, kabla ya kuondoka peke yake kwenda Denmark, Ureno na Hispania, Naruhito alikutana na waandishi wa habari na kusema jambo ambalo halikutarajiwa kutoka kwa mtu wa nafasi yake. Alieleza kwamba mkewe alikuwa amejitahidi kwa miaka 10 kujirekebisha ili aendane na mazingira ya kasri, hadi akaishiwa nguvu kabisa, na kwamba kulikuwa na mienendo ya kuikana taaluma yake na utu wake uliojengwa juu ya taaluma hiyo. Kauli hiyo ilitikisa nchi. Wiki chache baadaye ndipo jina la ugonjwa lilipotangazwa.

Ni ugonjwa gani huu?

Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa inayotolewa na WHO, hali ya kushindwa kuhimili mabadiliko imewekwa katika kundi la maradhi yanayohusiana moja kwa moja na msongo. Ili daktari aitambue, lazima kuwe na chanzo kinachojulikana: kufiwa, talaka, kupoteza kazi, kuhamia ugenini, ugonjwa mzito, mgogoro wa ukweni au mzigo wa majukumu usiokwisha. Dalili huanza kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja tangu chanzo kijitokeze. Mgonjwa huzama katika kufikiria jambo lilelile, hukosa usingizi, huhuzunika au kuwa na wasiwasi, huchoka bila sababu inayoonekana, na hushindwa kutimiza kazi alizozimudu hapo awali.

Hali hii hutofautiana na sonona ingawa hufanana nayo. Sonona inaweza kuanza bila tukio lolote la kuielezea, na hujipimia kwa wingi na uzito wa dalili zinazodumu angalau wiki 2. Kushindwa kuhimili mabadiliko kumefungwa kwenye chanzo chake. Chanzo kikiondoka, dalili huelekea kuisha ndani ya miezi 6. Chanzo kikibaki, maradhi nayo yanaweza kubaki, na kwa baadhi ya watu hugeuka kuwa sonona kamili.

Katika sentensi hiyo ya mwisho ndimo fumbo la ugonjwa wa Masako linapopata jibu. Watu waliuliza kwa nini mtu mwenye madaktari bora wa taifa tajiri hakupona kwa mwaka mmoja, miwili au kumi. Mfanyakazi anayeumizwa na kazi anaweza kuhamishwa kitengo. Mwanafunzi anaweza kubadili shule. Mke wa mrithi wa kiti cha enzi hana kitengo kingine cha kuhamia. Tiba ya mazungumzo inaweza kumsaidia mgonjwa kupambanua fikra zinazomwelemea, na dawa zinaweza kumtuliza, lakini hakuna kidonge kinachobadilisha sheria ya urithi wala ratiba ya kasri.

Mzigo mmoja hatimaye ulipungua kwa njia ambayo Masako hakuipanga. Novemba 2005 jopo la wataalamu lililoteuliwa na serikali lilipendekeza kwamba mtoto wa kwanza arithi kiti bila kujali jinsia, jambo ambalo lingempa Aiko nafasi. Februari 2006 zikatoka habari kwamba Kiko, mke wa Akishino, ni mjamzito, na mpango huo ukawekwa kando. Tarehe 6 Septemba 2006 Kiko alijifungua mvulana, Hisahito, wa kwanza wa kiume katika ukoo huo baada ya takriban miaka 41. Swali la mrithi wa karibu likapata jibu. Leo warithi wanaotambuliwa na sheria ni wanaume 3 tu, na Aiko si mmoja wao.

Kuitwa mvivu

Mtu aliyevunjika mguu huonekana kwa bandeji yake. Anayeugua msongo anaweza kuonekana mgahawani akicheka na mtoto wake leo, kisha kesho akashindwa kutoka kitandani. Kwa miaka mingi baadhi ya magazeti ya Japani yalimhesabia Masako kila tabasamu kuwa ushahidi dhidi yake. Alipohudhuria tukio la shule ya binti yake na kukosa ibada ya kasri, aliitwa mtegaji. Agosti 2006 alipokwenda Uholanzi na familia yake kwa mapumziko ya wiki 2, wapo waliouliza mgonjwa gani anayeweza kusafiri.

Mwaliko huo ulitoka kwa Malkia Beatrix wa Uholanzi, na haukuwa wa bahati mbaya. Mume wake, Mwanamfalme Claus, mzaliwa wa Ujerumani ambaye naye alikuwa ameingia ukoo wa kifalme kwa njia ya ndoa, alitibiwa sonona kwa miaka mingi na hakuificha. Beatrix alijua kutokana na nyumba yake mwenyewe kwamba kumbadilishia mgonjwa mazingira ni sehemu ya tiba.

Wataalamu wa afya ya akili hutambua kwamba uwezo wa mgonjwa hupanda na kushuka. Furaha inayorudi kwanza mara nyingi ni ile ya mambo madogo na watu wa karibu. Shughuli zenye hadhara kubwa, itifaki na hukumu ya macho ya watu hurudi mwisho. Anayeona furaha ya kwanza na kuidai ile ya mwisho papo hapo humrudisha mgonjwa nyuma.

Kurudi kwa hatua

Masako hakungoja apone kabisa ndipo aanze kufanya kazi. Alianza na machache aliyoyaweza. Juni 2011, miezi michache baada ya tetemeko kubwa la ardhi na tsunami, yeye na mumewe waliwatembelea waathirika mkoani Miyagi. Mwaka 2013 alihudhuria kutawazwa kwa Mfalme Willem-Alexander wa Uholanzi, ikiwa ziara yake ya kwanza rasmi nje ya nchi baada ya miaka 11. Mwaka 2014 alihudhuria dhifa ya kitaifa mjini Tokyo, na mwaka 2015 akaenda Tonga kwa sherehe za kutawazwa kwa mfalme wa huko.

Tarehe 1 Mei 2019 Naruhito alirithi kiti baada ya baba yake kung'atuka, naye Masako akawa Malkia. Kabla mwezi haujaisha, walimpokea Rais wa Marekani na mkewe, na wananchi wakamwona Malkia wao akizungumza Kiingereza na wageni bila mkalimani. Ujuzi uliokuwa kama umefungiwa sandukuni kwa miaka 26 ulipata mahali pa kutumika. Septemba 2022 alikuwa London kwa mazishi ya Malkia Elizabeth II. Mwaka 2023 alifanya ziara ya kitaifa Indonesia, na Juni 2024 Uingereza, ambako Chuo Kikuu cha Oxford kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari wa sheria.

Wadhifa wake unamgusa pia kila mhudumu wa afya nchini mwake. Malkia wa Japani huwa rais wa heshima wa Chama cha Msalaba Mwekundu cha nchi hiyo, kinachoendesha hospitali, huduma za damu na mafunzo ya wauguzi. Machi 2024 alikwenda na Mfalme katika rasi ya Noto, iliyopigwa na tetemeko siku ya mwaka mpya, kuwafariji watu walioishi katika vituo vya muda. Mwezi uliofuata binti yao Aiko, akiwa amehitimu chuo kikuu, alianza kazi ya kuajiriwa katika chama hichohicho.

Pamoja na hayo yote, maelezo ya madaktari wake yanayotolewa wakati wa siku yake ya kuzaliwa yameendelea kusema kwamba bado yumo katika matibabu, kwamba hali yake hupanda na kushuka, na kwamba baada ya shughuli kubwa huhitaji kupumzika. Kasri linapanga ratiba yake kwa kuzingatia hilo. Hayupo tena katika hali ya mwaka 2004, lakini hajatangazwa kuwa amepona. Anatumikia akiwa mgonjwa anayeendelea na tiba, kama wafanyavyo mamilioni ya watu wenye kisukari au shinikizo la damu.

Wakati wa kutafuta msaada

Mtu anayepitia mabadiliko makubwa atahuzunika na kuchoka, na mara nyingi atapona kwa muda na kwa msaada wa ndugu. Inafaa kumwona mtaalamu wa afya pale dalili zinapodumu zaidi ya wiki 2, zinapomzuia mtu kufanya kazi, kusoma au kulea watoto, anapoanza kutumia pombe au dawa ili apate usingizi, au maumivu ya mwili yasiyoeleweka yanapojirudia. Mawazo ya kujidhuru hayangoji wiki 2: mtu huyo asiachwe peke yake, na afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa familia, hatua ya kwanza ni kukitambua chanzo na kuuliza ni kipi kinachoweza kupunguzwa. Mke mgeni anayeulizwa kila mwezi kama ameshika mimba anaweza kuondolewa swali hilo leo, bila gharama yoyote. Kijana aliyelemewa na kazi anaweza kupunguziwa saa. Hatua ya pili ni kumtetea mgonjwa mbele ya wengine, kama Naruhito alivyofanya Mei 2004, ingawa kauli yake ilimletea lawama ndani ya ukoo wake. Hatua ya tatu ni kumruhusu arudi kwa kipimo chake, bila kuigeuza siku yake nzuri kuwa deni la kesho.